Dola 200 za dhamana na shuka la hina: jibu la aliyekaa mapokezi miaka tisa

Nimeliona swali la ndugu yetu aliyetoka fungate Zanzibar. Kwa mliochelewa: chumba alishalipia kabla, alipofika mapokezi kadi yake ikapitishwa kwenye mashine kwa dola 200 "za dhamana". Siku ya kuondoka akadaiwa shilingi 60,000 za shuka lililoingia hina ya mkewe, akazitoa taslimu kwa hasira. Leo ni siku ya tisa na zile 200 hazijaonekana. Anauliza kama ameibiwa, na wengi wenu mmeshamjibu kwamba ndiyo.

Mimi nimekaa mapokezi miaka tisa, mitano Unguja na minne Deira kule Dubai, mingi ya zamu za usiku. Kwa maelezo aliyotoa, nadhani hizo 200 hajaibiwa. Zimesahauliwa. Habari ya shuka ni nyingine, nitaifikia.

Mkuu, kuna kuzuia na kuna kukata. Kwenye kuzuia, hoteli inaiuliza benki yako kupitia mashine: huyu ana dola 200? Benki inajibu anazo, inazitenga, inatoa namba ya idhini, kwa kawaida tarakimu sita. Pesa bado iko benki kwako na hoteli haijapokea hata senti. Tatizo ni kwamba kwenye salio huioni, na ujumbe wa simu unaokuja mara nyingi umeandikwa kama wa malipo ya kawaida, kwa hiyo kila mtu anasema "wamenikata". Ukiondoka huna deni, mtu wa mapokezi anapaswa aingie kwenye mashine aufungue ule mzuio. Asipoufungua utakufa wenyewe muda wake ukiisha, na muda huo hutegemea benki yako na aina ya kadi. Mara nyingi ni wiki moja au mbili, na nimeshaona hadi siku 30.

Kwenye kukata, pesa inatoka kweli na kuingia akaunti ya hoteli. Ili irudi, lazima wafanye muamala wa pili wa kukurudishia, na hapo unaumia hata kama kila mtu ni mwaminifu: dola iliyonunuliwa kwa bei moja inarudi kwa bei nyingine, na ada iliyochukuliwa na benki njiani hairudi. Hoteli ndogo nyingi za kwetu hufanya hivi kwa sababu mashine waliyopewa na benki haijafunguliwa huduma ya kuzuia, na hakuna aliyewahi kwenda kuiomba. Hoteli yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Kila mgeni tunamkata 100, kila mgeni tunamrudishia 100, halafu meneja anashangaa kwa nini tunatukanwa mtandaoni kwamba tumerudisha 96.

Tafuta kile kikaratasi cha mashine ulichopewa siku ya kwanza. Kikiwa kimeandikwa PRE-AUTH, umezuiliwa. Kikiwa kimeandikwa SALE, umekatwa, na hapo unadai kurudishiwa, usisubiri chochote kifunguke chenyewe.

Kwa nini nasema zimesahauliwa? Kwa sababu ulilipa lile shuka taslimu. Ungelilipia kwa kadi ileile kupitia ule mzuio, mtu wa mapokezi angelazimika kuufungua kwenye mashine, achukue kiasi cha deni na kuachia kilichobaki. Ulipotoa noti mezani, ukaandikiwa risiti na kuondoka, hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kuigusa ile mashine. Nikiwa zamu ya usiku Deira, kazi yangu moja ilikuwa kupitia orodha ya mizuio ya wageni walioondoka mchana na kuifungua. Hakuna usiku niliokuta orodha tupu. Siku watu wakiwa pungufu, au basi la watalii limeingia saa nne, orodha hiyo inasubiri kesho, na kesho nayo ina basi lake.

Mfumo huu mzima umekatwa kwa kipimo cha kadi ya mkopo. Mwenye kadi ya mkopo akizuiliwa dola 200 hazimgusi, kinapungua tu kiwango chake cha kukopa. Sisi wengi tuna kadi za benki za kawaida, na kinachozuiliwa ni mshahara wenyewe. Siwezi kumsahau kaka mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefikia kwetu Deira kwa siku sita. Dhamana yetu ilikuwa dirhamu 200 kwa usiku, kwa hiyo ilizuiwa 1,200, na dirhamu imefungwa kwenye 3.6725 kwa dola, hesabu inakuja kama dola 327. Kwa mtalii wa Ulaya si neno. Kaka yule alikuwa amezipanga zile pesa ziongezee mzigo wa vitenge, akafika dukani kadi ikagoma mbele ya muuzaji. Alirudi hotelini anatetemeka. Nilimfungulia mzuio palepale, akaweka dirhamu 500 taslimu badala yake, nikamwandikia risiti. Mapokezi wana uwezo huo na hawatautangaza, ila ukiomba kwa adabu kabla kadi haijapitishwa, mara nyingi wanakubali. Na kwa mnaokwenda Dubai, msichanganye dhamana na ile Tourism Dirham, dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea nyota za hoteli. Hiyo ni tozo ya serikali, ukishalipa umelipa.

Sasa huko kwenye uharibifu.

Watu wanadhani kuna kamati inakaa. Hakuna. Unafika mapokezi na begi, tunakupigia porojo za safari yako ilikuwaje, huku mwenzangu ameshika simu ya ndani anamuuliza mhudumu wa vyumba: kumi na nne kuko sawa? Mhudumu ana dakika kumi, na zikizidi mgeni anaanza kuangalia saa. Anahesabu taulo, anafungua friji ndogo, anavuta shuka, ananusa kama kuna sigara. Akisema kuna kitu, anaitwa meneja wa zamu, na yeye ndiye anayeamua bei, mara nyingi akiwa amesimama. Baadhi ya hoteli zina karatasi ya bei za vitu. Nyingine bei iko kichwani mwa meneja na hupanda na kushuka kufuatana na sura ya mgeni. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sitalipamba.

Kitu kingine msichokijua ni nani anaumia mgeni asipolipa. Kwenye hoteli mbili nilizofanyia kazi, kilichovunjika bila mlipaji kilikatwa kwenye savisi chaji (ada ya huduma) yetu wafanyakazi kabla ya kugawana mwisho wa mwezi. Kwa hiyo binti anayekukazia macho kuhusu glasi mbili huenda anatetea nauli yake ya daladala. Sisemi ni haki. Nasema ndiyo maana anakaza.

Na dakika kumi hizo zinakosea. Nina kosa langu. Hoteli moja ya Mji Mkongwe, alifikia mzee kutoka Muscat, mzaliwa wa Unguja, amekuja kuwaona jamaa zake. Hakuwa na kadi, aliweka dola 100 taslimu. Siku ya kuondoka mhudumu akasema kioo cha kabati kina ufa. Meneja akasema 70. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, kioo kile nimekikuta hivyo. Lakini kama mmesema ni mimi, chukueni." Hakugomba, hakuinua sauti. Akapokea 30 zake, akaniaga, akatoka na mkongojo wake. Angenitukana ningelala vizuri.

Usiku ule nikafungua daftari la mafundi, lile tunaloandika bomba linalovuja na taa iliyoungua. Siku nne kabla ya mzee kuingia: "Ch. 14, kioo cha kabati kina ufa, kinahitaji kubadilishwa." Mwandiko wa fundi wetu, na saini ya meneja yuleyule pembeni. Nilimpelekea asubuhi. Akasema mgeni ameshaondoka, tuache. Sikuacha, lakini nakiri nilichelewa. Ilinichukua karibu wiki mbili kumkumbusha hadi akatia saini, nikazikabidhi zile 70 kwa mpwa wa mzee pale Darajani, ambaye namba yake ilikuwa kwenye fomu ya usajili. Tangu siku hiyo sikumpelekea mgeni dai la kitu kilichovunjika kabla ya kufungua daftari la mafundi. Meneja alikasirika mara kadhaa kwa kumcheleweshea wageni.

Kwa hiyo ukiingia chumbani, kabla hujatupa begi kitandani, zunguka na simu. Piga video moja ya dakika mbili: vioo, televisheni, zulia, godoro chini ya shuka, bafu. Ukiona doa au ufa, mtumie mtu wa mapokezi picha kwenye WhatsApp ya hoteli, ili saa na tarehe zibaki kwao pia. Kumwambia mhudumu kwa mdomo hakutoshi, kesho yuko ofu. Na ile fomu ya usajili unayotia saini umesinzia kwa safari, soma maandishi madogo ya chini. Humo ndimo ulipowaruhusu kukutoza uharibifu, na ndiyo watakayoitoa benki ikiwauliza. Kwenye nyumba za Airbnb, mwenye nyumba ana siku 14 baada ya wewe kuondoka kuleta madai yake, kwa hiyo hiyo video usiifute ukifika tu nyumbani.

Tuje kwenye hina. Hapa samahani bwana harusi, shuka lile lilikuwa na haki ya kulipiwa. Hina ni adui mkubwa wa dobi wa hoteli za Zanzibar, kuliko mvinyo na kuliko damu. Damu ukiwahi na maji baridi inatoka. Mashuka ya hoteli ni meupe makusudi ili yachemshwe na kutiwa jiki, lakini hina unaichemsha inabaki rangi ya chai, na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nayo hubaki na kivuli cheusi. Hoteli nyingi zimeweka kikaratasi chumbani kuwaomba wageni waliochorwa ufukweni wasiguse mashuka hadi hina ikauke na kusuguliwa. Mabibi harusi wetu wanaijua hina tangu utotoni, lakini usiku wa fungate nani anakumbuka kikaratasi. Tulikuwa na mashuka ya zamani ya rangi ya kahawia kabatini kwa kazi hiyo. Ukipiga simu mapokezi ukasema "bibi harusi ana hina", unaletewa bila swali.

Bei sasa. Shilingi 60,000 kwa shuka zito la pamba la kitanda kikubwa si ajabu, kama lilikuwa jipya. Kwa shuka lililofuliwa miaka mitatu ni bei ya kukomolewa. Ulikuwa na haki ya kuuliza lina umri gani, na kuomba wajaribu kulifua kwanza. Sisi hina nyepesi tulikuwa tunatoza nusu.

Hatua zako leo: waandikie hoteli barua pepe, usipige simu, kwa sababu simu inapokelewa na mtu wa zamu nyingine anakuambia "subiri siku chache". Taja jina, tarehe za kukaa, namba ya chumba, tarakimu nne za mwisho za kadi (nne tu, usiwatumie namba nzima), na ile namba ya idhini iliyo kwenye kikaratasi. Waombe mambo mawili: waufungue mzuio kwenye mashine, na wakupe barua yenye namba hiyo ya idhini inayosema hawana dai nawe. Barua hiyo ipeleke tawini kwako, kitengo cha kadi. Benki ikiwa nayo mkononi inaweza kuachia pesa bila kungoja muda uishe. Kama kikaratasi chako kimeandikwa SALE na hoteli haijibu, jaza fomu benki ya kupinga muamala. Kwa kadi za Visa na Mastercard dirisha la kupinga kwa kawaida ni siku 120, ila usingoje ya 119.

Halafu swali moja kwako: ulilipa bei ya shuka zima, je, shuka ulipewa? Kwetu mgeni aliyelipa yote tulimkunjia na kumtilia mfukoni, ni lake. Aliyelikataa tulilikata mbele ya meneja likawa matambara ya kufutia madirisha. Kama lako lilirudi kabatini zima, lile doa linaweza kulipiwa tena na bwana harusi wa wiki ijayo. Kwenye hiyo barua pepe, ongeza mstari wa kuuliza liko wapi.