Wasomi wetu kupelekwa ng'ambo kwa semina: wananunuliwa kweli?

Mkuu umeuliza mhadhiri akipelekwa nje kwa hela ya ubalozi, kalazwa hoteli nzuri na posho juu, akirudi bado ni msomi au ashakuwa mtu wao, na wewe mwenyewe umepata mwaliko hujui uende au uache. Nimefundisha hapa Dodoma upande wa sanaa na hiyo mialiko nimeiona ikipita mezani, ya Wachina, Wamarekani, Wajerumani, wote wanaleta, kwahiyo nivumilie nitaandika refu.

Kwanza hiyo picha ya kununuliwa kama mbuzi wa mnada wa Msalato ifute. Hakuna anayekuambia andika hivi. Nilikuwa na jamaa ofisi ya jirani, kichwa haswa, alikuwa anaandika makala kuhusu mikopo ya miundombinu, rasimu ya kwanza nimeisoma mimi na ilikuwa na aya mbili za moto kuhusu mikataba inayofichwa. Katikati akapata ziara ya nchi husika (siitaji). Rasimu ya pili ile mikopo ipo, takwimu zipo, zile aya mbili hazipo. Nikamuuliza kantini, akatafuna chapati yake kwanza halafu akacheka, "aah, wale watu wametupokea vizuri bwana, mwenyeji wangu mpaka leo sikukuu ikifika ananitumia salamu, naanzaje?" Basi. Hakuna barua, hakuna bahasha, na ukimwambia kanunuliwa atakushangaa na atakuwa na haki ya kushangaa.

Sasa humu jukwaani naona kelele zote ni za Mchina, mara kile kituo cha Confucius cha kufundisha Kichina pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), ambacho kipo tangu 2013 na kila mtu anajua ni cha nani na kinafundisha nini. Mimi cha wazi hakinipi presha sana. Aliyecheza huu mchezo kwa ufundi ni Mmarekani, na alichezea hapahapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1950 kule Berlin ilianzishwa taasisi inaitwa Congress for Cultural Freedom, makao yakawa Paris, kazi yake ikawa kuwavuta waandishi na wasomi wasiegemee kwa Mrusi, ikawa inafadhili majarida, makongamano, tiketi za ndege. Juni 1962 ikagharamia kongamano kubwa la waandishi Makerere, wapo Achebe, Soyinka, Okigbo, Ngũgĩ yupo bado mwanafunzi anaitwa James Ngugi. Jarida la Transition la Rajat Neogy pale Kampala nalo likapata hela zao. Halafu 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yakamwaga mboga, kumbe hela ilikuwa ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, inapitishwa kwenye mifuko ya hisani ili isijulikane ilikotoka. Neogy alisema hakujua, na mimi namwamini kabisa, mfumo wenyewe ulitengenezwa ili watu kama yeye wasijue.

Na hapa ndo pazuri, maana ukisoma Transition ya miaka ile huwezi kuiita kipeperushi cha Marekani hata kidogo. 1963 mhakiki wa Nigeria, Obi Wali, aliwapasua humohumo wale waliokaa Makerere, kwamba fasihi ya Afrika kwa lugha za wazungu haifiki popote. Yaani jarida linalolishwa na hela ileile linachapa kinachoukosoa mkutano wa hela ileile! Mfadhili mwenye akili anakuacha ubishane, na ndo maana anaaminika.

Kwahiyo nguvu yake iko wapi? Angalia nani hakualikwa. Ule mkutano ulikuwa wa wanaoandika Kiingereza, ndo sharti la mlangoni. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake tumekua navyo wote, hakuwa na kiti, na amefariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Sisemi CIA walikaa kikao kumkata Shaaban, sidhani hata walimjua, ila meza ikishapangwa na mwenye hela, mjadala wa nini ndo fasihi ya Afrika unaanza na waliokaa pale. Mrusi naye hakulala, chuo chake cha Moscow cha 1960 alikipa jina la Lumumba 1961, ila yule angalau ulijua unaenda kwa nani.

Sasa wewe na mwaliko wako, nenda. Maktaba wanazo, kupata watu wa fani yako ni faida, na hapa idara kupata hela ya kongamano la siku mbili tu ni kuombaomba mpaka aibu. Ila kabla hujapanda ndege andika makala yako mpaka mwisho, mpe mtu ambaye haendi akutunzie, ukirudi mkae muilinganishe na utakachotaka kubadilisha.

Na hiyo barua ya mwaliko nitumie PM niione, umesema mwandaaji ni taasisi ya utafiti lakini hujasema tiketi anakata nani.