Faili Langu Lilichelewa Miaka Miwili

Katika miaka miwili ya kwanza ya kutafuta mtoto, faili la mke wangu kliniki lilizidi kunenepa kwa majibu ya ultrasound, ya homoni na ya mirija ya uzazi, ilhali mimi sikuwa na faili lolote. Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza na kumshikia mkoba kwenye benchi, nikiamini kwamba mwanamume asiye na upungufu wa nguvu za kiume hawezi kuwa na kasoro ya uzazi. Nguvu za kiume ni jambo moja na ubora wa mbegu ni jambo jingine kabisa.

Kitabibu, tatizo la ugumba huanza kuchunguzwa baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, na mwanamke aliyefikisha miaka 35 hashauriwi kungoja zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbana nalo maishani.

Mke wangu alipigwa picha ya mirija, kipimo ambacho dawa husukumwa kupitia mlango wa kizazi ili eksirei ionyeshe kama njia ziko wazi au zimezibwa, mara nyingi na makovu ya maambukizi ya zamani kama klamidia na kisonono. Alitoka akitembea ameinama, na mirija yote miwili ilikuwa wazi. Kabla ya hapo alikuwa ameambiwa kwamba mayai yake hayapevuki, kwa sababu alipimwa progesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kupevuka na kutoka, siku ya 21 ya mzunguko. Siku hiyo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Yeye mzunguko wake ni wa siku 35, kwa hiyo alipaswa kupimwa karibu na siku ya 28, yaani wiki moja kabla ya hedhi inayofuata. Aliporudia, majibu yalikuwa mazuri. Ikiwa mzunguko wako ni mrefu, mwambie daktari kabla hajaandika tarehe.

Ndipo nikaombwa nami nipimwe. Nilikaa siku tatu bila kutoa manii, nikapewa kikombe chenye jina langu, nikakibeba ndani ya shati kikiwa kimegusa ngozi ili kisipoe, maana sampuli hutakiwa kufika maabara ndani ya saa moja. Kipimo chenyewe hakikuniuma popote. Majibu yalionyesha mbegu milioni 4 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha marejeo ni milioni 16, na kipimo cha pili kilithibitisha. Daktari aliniambia nisimame, akapapasa, akakuta mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani ya kushoto, tatizo la kawaida mno na linalotibika kwa upasuaji mdogo. (Wanaojidunga testosteroni ili watunishe misuli wajue kwamba dawa hiyo huweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu.)

Matibabu hufuata chanzo. Yai lisilopevuka huchochewa kwa vidonge kama letrozoli, na mirija iliyoziba huweza kuhitaji upasuaji au mimba kutungishwa maabara, njia iliyomleta duniani Louise Brown huko Oldham, Uingereza, mwaka 1978. Kwa wenye mbegu chache mno, tangu 1992 imewezekana kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai kwa sindano. Hata hivyo, majaribio mengi ya kutungisha mimba maabara huisha bila mtoto, na umri wa mwenye mayai ndio unaoamua mengi.

Sisi tulichagua upasuaji. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo hakukuwa na maana ya kupima wiki iliyofuata. Baada ya miezi sita nilifikisha milioni 13, na kwa kuwa mke wangu ana miaka 31, daktari ametushauri tuendelee kujaribu kwa muda kabla ya kufikiria maabara. Mwezi ujao narudi kupimwa. Safari hii ni yeye atakayekaa kwenye benchi, akinishikia koti.