Kupinda kwa bakteria peke yake hakutoshi kuandika kipindupindu

Ndugu mwanafunzi, umeeleza kwamba katika mafunzo yako ya vitendo kwenye maabara moja hapa Mombasa ulipaka choo cha majimaji kwenye slaidi, ukaitia rangi ya Gram (inayowagawa bakteria makundi mawili; wekundu huitwa Gram hasi), na darubini ikakuonyesha vijiti vyekundu vilivyopinda. Unauliza kama unaweza kuandika kuwa mgonjwa ana kipindupindu, na kama kipimo cha ukanda, kile kinachochovywa kwenye choo kutafuta kipindupindu, kinaweza kuchukua nafasi ya kuotesha bakteria maabara. Nimefanya kazi ya maabara pwani hii kwa muda mrefu, na kwa swali la kwanza jibu langu ni hapana, usiandike. Umbo hukuelekeza pa kutafuta; jina la bakteria hupatikana kwa joto analolipenda, hewa anayoihitaji, chumvi anayoivumilia na sukari anayoichachusha.

Bakteria wa Gram hasi waliopinda tunaowasaka kwa maradhi ya tumbo na matumbo ni wa jamii tatu: Vibrio, Campylobacter na Helicobacter. Huyu wa mwisho mwondoe mapema, kwa maana Helicobacter pylori hukaa ndani ya ute wa tumbo la chakula na kuleta vidonda, wala huwezi kumtambua kwa slaidi ya choo. Robin Warren na Barry Marshall walimtambua mjini Perth, Australia, mwaka 1982 katika vipande vidogo vilivyokatwa tumboni mwa wagonjwa, na mpaka leo kipande cha namna hiyo kikitiwa kwenye kipimo cha yurea, rangi ya kipimo hubadilika upesi kwa sababu ya yurease, kimeng'enya cha bakteria huyo kinachovunja yurea. Asiyetaka kupitishiwa mpira wa kuchunguza tumbo hupimwa antijeni (chembe za bakteria huyo) kwenye choo au hupuliza pumzi. Kipimo cha damu kinachopendwa sana mitaani mimi sikiamini kwa mgonjwa aliyekwisha kutibiwa, kwani kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kwisha.

Basi wamebaki wawili. Vibrio cholerae, anayeleta kipindupindu, kwenye choo kibichi huonekana kama alama ya mkato, naye Campylobacter ni mwembamba zaidi, mara nyingi wawili wameungana wakafanya umbo la herufi S. Safranini, rangi nyekundu ya mwisho katika Gram, humpaka Campylobacter rangi hafifu mno hata ukampita bila kumwona, kwa hiyo tumia kabolufuksini iliyozimuliwa, rangi nyekundu inayoshika zaidi. Jihadhari pia na jambo ambalo vitabu hulitaja kwa haraka: Vibrio akishaoteshwa kwenye agari (jeli ya kuoteshea) mara nyingi hunyooka, na slaidi ya koloni lake, yaani doa la bakteria walioota, isikutofautishie lolote na E. koli, kijiti cha kawaida cha matumbo, ilhali Campylobacter aliyezeeka huviringika akawa kitone. Mtu anayetegemea kupinda peke yake atawakosa wote wawili.

Kabla ya rangi, weka tone la choo kibichi kwenye slaidi, funika kwa kioo chembamba, na utazame. Vibrio hukurupuka huku na huku kama dagaa waliotupiwa jiwe majini. Campylobacter naye huenda mbio, kwa hiyo mwendo huo hauamui. Lakini ukiongeza tone la antisera ya O1 (kingamwili zinazomshika V. cholerae wa aina ya O1) na mbio zikasimama papo hapo, una sababu nzuri ya kushuku kipindupindu na kumpigia simu daktari, huku kuotesha kukiendelea.

Sampuli ichukuliwe kabla ya mgonjwa kumeza antibayotiki, na hapa joto letu lina neno. Kijiti cha pamba kilichovuka feri ya Likoni saa saba mchana kikiwa kikavu ndani ya mfuko wa plastiki hakina tena cha kukuambia, kwani Vibrio hufa akikauka. Kitumbukizwe ndani ya midia ya kusafirishia ya Cary-Blair. Ya Vibrio iache katika joto la kawaida la chumba. Ya Campylobacter iweke kwenye friji. Nimeona watu wakizirundika zote kwenye kisanduku kimoja cha barafu na kudhani wamefanya uangalifu.

Ikifika maabara, paka sehemu moja kwa moja kwenye TCBS, agari inayowaotesha Vibrio na kuwazuia wengi wengine, na nyingine itie ndani ya maji ya peptoni yenye alkali, ambayo pH yake ni kama 8.5, uyaache saa 6 hadi 8 katika nyuzi 37 hivi. Chupa usiitikise. Vibrio hupenda hewa na hupanda juu, kwa hiyo gusa uso wa maji kwa lupu (kitanzi cha kupakia) na upake tena TCBS. Kesho yake V. cholerae atakuwa ametoa makoloni ya manjano, bapa, yenye kung'aa, ya milimita 2 hadi 4, kwa sababu huchachusha sukari ya mezani, na V. parahaemolyticus atakuwa wa kijani. Hapa pwani, penye kamba, chaza na pweza waliopikwa nusunusu, huyo wa kijani asidharauliwe. Na si kila manjano ni kipindupindu, maana V. alginolyticus wa maji ya bahari naye ni manjano. Chumvi ndiyo itakayowatenga: V. cholerae huota kwenye supu isiyotiwa chumvi kabisa, hao wawili wa baharini hawawezi. Wao huota kwenye chumvi ya asilimia 8, yeye hawezi.

Kipimo cha oksidesi, kimeng'enya ambacho Vibrio anacho na hugeuza dawa ya kipimo kuwa zambarau, usikifanye kwa koloni lililotoka TCBS, kwani linaweza kukupa hasi ya uongo. Lihamishie kwanza kwenye agari ya kawaida, kisha tumia kijiti cha mbao au lupu ya plastiki. Waya wenye chuma huleta zambarau ya uongo. Kutoka agari hiyohiyo changanya koloni na tone la sodiamu deoksikoleti (chumvi ya nyongo) ya asilimia 0.5, kisha inua lupu polepole ndani ya dakika moja: V. cholerae hupasuka, DNA yake humwagika, na uzi mrefu wa mlenda hufuata lupu bila kukatika. Ndipo uende kwenye antisera ya O1 na O139, aina mbili zinazoleta milipuko ya kipindupindu, na kama ni O1, utenganishe vijiaina vyake, Ogawa na Inaba.

Campylobacter haoti kwa njia hizo. Anahitaji agari yake yenye mkaa au damu na antibayotiki za kuzuia wengine, joto la nyuzi 42, oksijeni ya asilimia 5 tu na kabonidioksidi ya asilimia 10, na umsubiri saa 48. Mtungi uliofungwa wenye mshumaa unaowaka ndani haupunguzi oksijeni vya kutosha. Oksidesi na katalesi (kimeng'enya kinachotoa povu kwenye haidrojeni peroksidi) huwa chanya, na kipimo cha hipurati, kemikali ambayo bakteria huivunja, kikiwa chanya ni C. jejuni. Maabara nyingi ndogo hazina vifaa hivi, nayo si aibu. Kinachoniudhi ni ripoti inayosema hakuna vimelea ilhali Campylobacter hakutafutwa, hasa kwa mtoto mwenye homa, msokoto wa tumbo na damu chooni. Andika wazi kwamba hakutafutwa.

Kwa slaidi yako ya leo andika: bakteria wa Gram hasi waliopinda wameonekana, utambuzi unasubiri kuoteshwa. Kama choo ni cha maji ya mchele na mgonjwa amelegea, mjulishe daktari wakati huohuo ili maji ya chumvi na sukari, au ya mshipa, yaanze bila kukusubiri, na afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo apate taarifa ya mgonjwa anayeshukiwa.

Kuhusu ukanda, utumie kuchagua sampuli za kuoteshwa kwanza na kushtuka mapema pale wagonjwa kadhaa wanapotoka mtaa mmoja wanaochota kisima kimoja. Hauwezi kukuambia ni dawa gani bakteria huyo amekuwa sugu kwayo. Hilo linahitaji koloni hai, kwa hiyo hata ukanda ukiwa chanya, sampuli iende ikaoteshwe.