Kabla ya Kuandika Programu ya Kutambua Matukio Katika Video

Nilipoanza kazi hii hapa Goma nilipewa video za kamera iliyoelekezwa kwenye mlango wa depo moja, nikaambiwa niandike programu ya kutambua kila mara chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inaposhusha mzigo. Nilianza kuiandika siku hiyo hiyo, na wiki tatu zikapotea bure.

Ndugu unayeanza, kwanza amua tukio lenyewe ni nini. Kushusha mzigo kunaanza chukudu inaposimama, au gunia la kwanza linapogusa chini? Mimi na mwenzangu tulitia alama video ya saa moja, kila mmoja peke yake, na tulipolinganisha hatukukubaliana hata juu ya idadi, kwa kuwa yeye alizihesabu chukudu mbili zilizofuatana kuwa tukio moja. Programu iliyofundishwa kwa alama kama hizo itajifunza ubishi wetu.

Mbinu ya kutenganisha mandhari na vitu vinavyotembea, ambayo watafiti Stauffer na Grimson waliieleza mwaka 1999, ni nyepesi na inafaa kuanzia, lakini ina tabia yake: chukudu ikisimama muda mrefu humezwa na mandhari, na ikiondoka huacha mahali pake umbo la kitu kisichokuwepo. Umeme ukikatika usiku na kurudi, picha nzima hubadilika na programu hupiga kelele; matukio yangu ya kwanza yalikuwa ya taa zaidi kuliko ya magunia.

Usidanganywe na asilimia ya usahihi. Mizigo 20 ikishushwa kwa siku, kila mmoja kwa sekunde 40, jumla ni sekunde 800 kati ya 86,400, kwa hiyo programu isiyotambua chochote itakuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99 ya muda. Hesabu matukio ambayo programu imeyakosa na kengele za uongo, yaani inapotangaza tukio ambalo halipo, kila kundi peke yake.

Kosa lililoniaibisha zaidi ni la kugawa data. Video ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazoiunda, ina fremu 90,000 kwa saa, na fremu jirani karibu zinafanana. Nilizichanganya kama karata, nyingine za kufundishia na nyingine za kupimia, matokeo yakawa mazuri ajabu hadi siku ya mvua, wapakuzi walipofunika magunia kwa turubai na programu isione kitu. Sasa natenga siku nzima nzima za kupimia, na mojawapo lazima iwe ya mvua.