Kukabidhi seva si kutua mzigo

Mkuu unayesema serikali ikabidhi seva zote (kompyuta kubwa zinazotunza data na kuendesha mifumo) kwa kampuni binafsi halafu itulie, cheki jimbo la Virginia kule Marekani kwanza. 2005 walisaini na kampuni ya Northrop Grumman mkataba wa kama dola bilioni 2, miaka 10, seva, mtandao mpaka kompyuta za mezani. Agosti 2010 mtambo wa storeji (wa kutunzia data) ukafeli, kisa kadi ya memori ya ndani yake tu, mifumo ya ofisi 26 za serikali ikadondoka na watu wa leseni za udereva wakakaa karibu wiki hawawezi kutoa hata moja, foleni hadi nje. Baadaye 2017 wakafikishana mahakamani lol. Mi sikatai kampuni, ila bakiza mainjinia wako wanaoujua mfumo na mkataba useme mapema data zinarudije mkiachana.