Swali la lugha: "Viwango vya protini" ni kiasi au ni sharti?

Msomaji wetu wa Mtwara mjini anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Ninasaidia kufasiri maelekezo ya maabara kuhusu uchambuzi wa protini za korosho kwa spektrometa. Juu niliandika 'Viwango vya protini na mwongozo wake'. Mwenzangu akadhani karatasi inaeleza korosho ina protini nyingi kiasi gani, kumbe inahusu namna ya kutunza data na kuitolea taarifa. Kosa ni langu au lake? Na je, kiwango na mwongozo vina tofauti?"

Marahaba, mwanangu. Mwenzako hana kosa, maneno yako ndiyo yaliyompeleka huko. Neno kiwango lina kazi mbili kubwa, nanyi wa Kusini mnazisikia zote msimu wa korosho. Mtu akisema ghalani "kiwango cha unyevu kimepanda", anataja wingi wa maji ndani ya korosho ghafi. Akisema mzigo "haujakidhi kiwango", anataja sharti lililowekwa kabla mzigo haujafika. Sikio husaidiwa na kitenzi: kiwango cha wingi hupanda na kushuka, kiwango cha sharti huwekwa, hufikiwa, hukidhiwa. Kichwa chako hakina kitenzi hata kimoja. Msomaji akashika maana iliyo jirani, na jirani ya neno protini ni wingi.

Kwa hiyo ndani ya karatasi hiyo wingi uite kiasi, na kiwango ukiachie sharti peke yake. Najua hospitalini husemwa "kiwango cha sukari" na hakuna anayepotea. Lakini hati inayobeba maana zote mbili haina budi kuchagua, la sivyo msomaji ndiye atakayelipa.

Sasa kiwango na mwongozo. Fani yenyewe inatupa mfano mzuri kuliko wowote ambao ningeutunga. Spektrometa hiyo hupima uwiano wa tungamo (wingi wa maada) kwa chaji ya umeme wa vipande vya protini, na zamani kila kampuni ya mashine iliandika faili kwa umbizo lake, yaani mpangilio wake wa kuandika data. Mwaka 2002 HUPO, shirika la kimataifa la watafiti wa protini za binadamu, lilianzisha jopo la viwango vya data za protini; mwaka 2008 likatoka umbizo la mzML, lililochukua nafasi ya maumbizo mawili yaliyokuwa yakitumika sambamba. Faili ama imeandikwa kwa mzML ama haikuandikwa hivyo, na programu inaweza kuikagua. Hicho ni kiwango. Jopo hilohilo lina MIAPE, iliyochapishwa mwaka 2007, inayotaja taarifa za chini kabisa ambazo mtafiti anapaswa kuzitoa: alitumia mashine gani, aliipanga vipi, alitambua protini kwa programu gani. Haimwamrishi jinsi ya kufanya jaribio. Huo ni mwongozo. Kiwango hukidhiwa, mwongozo hufuatwa.

Jambo hili si la kupamba karatasi. Mkulima wa Mtwara anaijua kangomba: mnunuzi anakuja na kipimo chake mwenyewe, nawe huna mizani ya kumpinga. Data iliyofungwa katika umbizo la kampuni moja humweka mtafiti mwingine mahali hapohapo, hana njia ya kuipima upya.

Upo mtego wa tatu. Watafiti wengi hukubali utambuzi wa uongo, yaani protini zinazotajwa kimakosa kuwa zimo, usiozidi asilimia 1, na wafasiri huandika "kiwango cha makosa". Andika kikomo cha makosa, maana hapo pana mpaka usiovukwa.

Mengine ni mafupi. Andika mwongozo, si "muongozo". Wingi wake ni miongozo. Data iende na ngeli ya I-ZI: data hii imehifadhiwa, data hizi zimehifadhiwa. Usiigeuze kuwa takwimu, kwa sababu ishara ghafi za mashine bado hazijawa takwimu. Na usiandike uzito pale mashine inapopima tungamo, hata kama mnadani uzito unatosha.

Kichwa chako ningekiandika hivi: "Viwango vya Data na Miongozo ya Uchambuzi wa Protini za Korosho kwa Spektrometa ya Tungamo". Ni kirefu, lakini sasa neno viwango limekaa ubavuni mwa data. Mpe tena mwenzako akisome kabla hujachapisha.