Mzigo umekwama "taarifa zimepokelewa"

Ndugu, unasema mzigo ulioagiza mtandaoni, kila ukiufuatilia, kwa siku tisa unasoma "taarifa zimepokelewa" tu. Maana yake lebo imechapwa, lakini msafirishaji hajaushika mzigo. Mbane muuzaji. Mimi niliwahi kusubiri wiki tatu, kumbe kifurushi kingali rafuni kwake!

Kisha itazame namba yenyewe ya kufuatilia mzigo. Za posta ya kimataifa zina herufi 2, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi ulikotoka mzigo. CN ni China. Kama yako ndiyo hiyo, mzigo ukishavuka mpaka iingize kwenye tovuti ya posta ya nchini kwako, maana kule ulikotoka mara nyingi habari huishia hapo.

Meseji ikikudai ada ndogo ili mzigo uachiwe, usibonyeze kiungo. Na siku ya mwisho ya kufungua malalamiko kule uliponunua isikupite ukibembelezwa na muuzaji.